Likizo ya Familia Katika Msitu wa Gombe



Likizo ni haki ya mfanyakazi, lakini yafaa tujiulize tunaitumiaje pamoja na watoto wetu. Kiasi cha kilomita 16 kaskazini ya mji wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968. Wageni huvuka bahari kuja kuiona. Sisi boti za abiria zaondoka hapa Kibirizi, na kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni; hata hivyo wako watoto wetu wanaomaliza shule bila kuikanyaga.

Ndugu zangu, Gombe ni darasa. Mwaka 1960 Jane Goodall, akifuatana na mama yake mzazi, alipiga hema katika msitu huo. Mwaka huo huo alimwona sokwe akichomeka bua la nyasi katika kichuguu na kuwavua mchwa, kama mvuvi avuavyo samaki. Kabla ya hapo wataalamu wengi walifundisha kuwa binadamu peke yake ndiye atengenezaye zana. Mtafiti huyo alifariki Oktoba 2025, lakini somo lililotoka katika vilima vyetu linasomwa dunia nzima.

Hata hivyo, kuingia msituni humo si kama kwenda sokoni. Sokwe ni jamaa wa karibu wa binadamu, na maradhi yetu humpata. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwazukia sokwe wa Gombe. Baadhi walikufa, wengine wakalemaa. Mafua ambayo kwetu huisha kwa siku chache, kwao yaweza kuua. Tena hifadhi hii ni miongoni mwa zilizo ndogo kabisa nchini: upande mmoja ziwa, upande mwingine mashamba na vijiji. Hawana pa kukimbilia.

Ndiyo maana watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, na anayekohoa hapaswi kuwakaribia. Mzazi asiione kanuni hiyo kuwa dharau. Mdogo abaki ufukoni na baba au mama, awatazame nyani kwa mbali bila kuwapa chakula. Zamu yake itafika.

Najua itauma. Nauli imewekwa akiba kwa miezi, mtoto amehesabu siku, na asubuhi ya safari anaamka na kikohozi. Mzazi atakayeahirisha safari hiyo atakuwa amemfundisha mwanawe jambo zito kuliko yote ambayo angeyaona msituni: kwamba mali ya taifa hulindwa kwanza na yule aipendaye.

Basi tupange likizo zetu mapema, twende na watoto wetu, na twende tukiwa wazima.