Ufunguo wa mashine ya mama uwe kwa nani?

Mazungumzo ya timu ya tereni kwenye mkutano wa memba

Tumepewa nusu saa, na tutajitahidi isipite, maana wamama wengine wako na safari ya kurudi ngambo ya mto.

Zamani mtu akirudi kutoka Lugufu ao Nyarugusu, mizigo yake ilijulikana: sufuria, godoro, jembe, na ule mfuko wa nailoni wenye karatasi zote za nyumba. Mama aliulalia. Mvua ikinyesha, mfuko njo uliokolewa kwanza, kisha godoro. Leo katika nyumba nyingi karatasi zile zimehamia ndani ya ordinatere. Mtoto aliyeenda Marekani ametuma mashine, mjomba ameleta plake ya jua, na mutu mwenye telefone nzuri amepiga picha fomu ya kurudi kwa hiari, karatasi ya mgao, vyeti vya kuzaliwa, diploma za shule ya kambini, na mkataba wa shamba uliowekwa saini mbele ya shefu. Yote yameingizwa ndani, pamoja na picha za marehemu.

Munajua hapa kwetu kesi za mashamba zilivyo. Mutu alikimbia mwaka 1996, akarudi baada ya miaka kumi ao zaidi, akakuta mwingine amelima. Siku ya kuitwa mbele ya wazee, karatasi inahitajika. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mashine ya mama, tunazungumza pia juu ya shamba lake.

Katika kutembelea nyumba tumeona kwamba mara nyingi mwenye mashine ni mutu asiyeweza kuilinda mwenyewe. Ni mzee ambaye macho yamepungua, ao mjane anayeanza kusahau, ao kijana mgonjwa anayeamini kila anachoambiwa, ao mama aliyejifunza kusoma akiwa mutu mzima. Mabaya yanaingia kwa mutu wa namna hii kupitia milango mine.

Mlango wa kwanza ni fleshi. Mama anataka kutoa fotokopi, anapeleka fleshi kwenye sekretariati, ile mashine ya pale imekwisha kupokea fleshi za mji mzima. Fleshi inarudi nyumbani na virusi. Kuna aina moja inayojulikana sana: inaficha mafaili yako, na mahali pake inaweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukifinya ili ufungue, wewe mwenyewe umeikaribisha ndani.

Mlango wa pili ni simu ya mutu asiyejulikana. Anasema anatoka HCR, ao ofisi ya kupeleka watu Ulaya, dosie yako imefika, lakini weka kwanza programu fulani ili tukusaidie. Programu anayotaja inaweza kuwa ya halali kabisa, kama AnyDesk ao TeamViewer. Kazi yake ni kumwezesha mutu wa mbali kuona mashine yako na kuifinya kama vile ameketi mbele yake. Ndugu yako wa Chicago anaweza kuitumia kukusaidia, na mwizi anaweza kuitumia kukuibia. Tukumbushane hapa: huduma za HCR ni za bure, na kupelekwa katika nchi ya tatu hakulipiwi. Mutu anayeomba pesa ao kodi za siri kwa ajili ya dosie, huyo ni mwizi.

Mlango wa tatu ni watoto wa nyumbani. Wajukuu wanataka michezo na nyimbo. Wanakuta kitufe kikubwa cha rangi, wanafinya, programu tano zinaingia ambazo hakuna aliyeziita. Baada ya mwezi mashine inakuwa nzito, na ukurasa wa kwanza wa intaneti umebadilika kuwa matangazo.

Mlango wa ine unauma kuutaja, kwa sababu ni sisi wasaidizi. Kijana anayejua ordinatere anapita kumsalimia shangazi. Anaona mashine, anasema, «Shangazi, acha nikutengenezee.» Anahamisha alama, anabadilisha luga, anaweka nenosiri jipya, anazima kinga ya virusi kwa kuwa inachelewesha mchezo wake. Anaondoka na roho safi. Kesho yake shangazi anafungua, hatambui kitu. Kwa mutu anayesahau, alama ya barua ikitoka kushoto ikaenda kulia, ni kama umemhamishia mlango wa nyumba usiku. Anaacha kutumia mashine, na watoto wake wa ngambo wanaanza kuuliza, «Mama iko wapi, mbona hajibu?»

Basi tufanye nini? Kuna familia zilizoamua kufunga mashine ndani ya sanduku. Mashine imepona, lakini mama amekatwa na watoto wake. Sisi tunashauri njia nyingine. Nyumba iko na mlango wa kuingilia kila siku, na iko na ufunguo wa stoo. Mama awe na mlango wake, na ufunguo wa stoo uwekwe kwa utaratibu.

Kwenye mashine za Windows jambo hili linawezekana bila kununua kitu. Kuna konti za aina mbili: ya msimamizi na ya kawaida. Msimamizi anaweza kuweka programu, kuondoa, kubadilisha mipangilio ya mashine nzima. Mwenye konti ya kawaida anasoma barua, anaandika, anaongea na watoto, anatazama picha, lakini akitaka kugusa mambo ya ndani mashine inamwomba nenosiri la msimamizi. Mashine nyingi zinazofika hapa zina konti moja tu, na ni ya msimamizi. Kwa hiyo kila anayeketi mbele yake, hata mtoto wa miaka saba, iko na ufunguo wa stoo mkononi.

Kwa mashine zetu zilizo katika Kifaransa, fungua Paramètres, kisha Comptes, kisha sehemu ya famille et autres utilisateurs. Tengeneza konti mpya ya msimamizi, iwekee nenosiri, ingia ndani yake na uhakikishe inafanya kazi. Baada ya hapo njo ubadilishe konti ya mama iwe ya kawaida. Usigeuze utaratibu huu. Konti ya mama inabaki ileile, na picha zake na alama zake mahali palepale. Yeye haoni tofauti yoyote. Wajukuu nao watengenezewe konti yao ya kawaida, wacheze huko.

Tusidanganyane, konti ya kawaida haizuii kila kitu. Kuna programu zinazojiweka ndani ya konti ya mutu bila kuomba ruhusa. Tena mama mwenyewe anaweza kufuta mafaili yake kwa bahati mbaya, na virusi vilivyoingia katika konti yake vinaweza kuyaharibu. Kwa sababu hiyo kuna mambo mengine matatu.

La kwanza, nakala. Kanuni inayotumiwa na wengi duniani ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa maisha yetu inakuwa hivi: nakala moja ndani ya mashine; ya pili kwenye fleshi inayochomolewa na kuhifadhiwa pakavu; ya tatu kwa mtoto aliye mbali, aliyetumiwa kwa barua ya intaneti. Fleshi ya nakala isiende sekretariati hata siku moja. Ya kwenda sekretariati iwe nyingine, na ibebe ile karatasi tu ya kutolewa siku hiyo. Karatasi zenyewe, za asili, musizitupe. Picha inasaidia, lakini mbele ya wazee wa kesi karatasi yenye muhuri ingali na nguvu yake.

La pili, masasisho. Tunaelewa sababu gani watu wanayazima: yanakula mega, na mega ni pesa. Lakini Microsoft inatoa marekebisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, na mashine isiyoyapata inabaki na matundu ambayo wezi wanayajua. Muweke muunganisho kama wenye kikomo, ili mashine isimeze unite ya mama kila siku, halafu mara moja kwa mwezi familia inunue mega na kuiacha ikamilishe. Muangalie pia umri wa Windows yenyewe: Windows 7 ilikoma kupata marekebisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kinga ya virusi iliyo ndani ya Windows 10 na 11 ni ya bure na inatosha kwa nyumba nyingi, mradi mutu asiizime.

La tatu ni gumu kuliko yote, na halimo ndani ya mashine. Nani ashike nenosiri la msimamizi?

Mwenye ufunguo wa stoo anaweza kuingia kila chumba. Anaweza kusoma barua za mama na kuona pesa zinazotumwa. Anaweza kunakili mkataba wa shamba na kumpa mutu mwingine. Tunasema wazi mbele ya wote: tukimlinda mama dhidi ya wezi wa mbali kisha tukamtia mkononi mwa mpwa mwenye tamaa, kazi yetu imekuwa bure. Kwa hiyo tunashauri haya. Kwanza, mama aulizwe. Kusahau majina hakumwondolei mutu haki ya kusema, «Huyu ndiyo, huyu hapana.» Aelezwe polepole, kwa luga yake, hata mara tatu. Pili, nenosiri lijulikane na watu wawili wasiokaa upande mmoja wa ugomvi wa familia. Tatu, liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, mama aihifadhi mwenyewe pamoja na karatasi zake. Bahasha ikikutwa imepasuliwa, kila mutu atajua. Nne, msaidizi afanye kazi yake mama akiwa ameketi kando, na aseme anachofanya. Barua asizifungue. Nchi yetu ina Kodi ya Numeriki tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda habari za mutu binafsi. Lakini kabla ya sheria kuna heshima: huwezi kupekua sanduku la mama yako kwa sababu tu ulimsaidia kulibeba.

Na kwa mama mwenyewe, tuache neno moja analoweza kulishika. Tunaliandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi, tunaibandika pembeni mwa kioo: «Kikitokea kitu kipya, usifinye. Ita.» Chini yake jina na namba ya mutu wake. Na wewe uliyeandikwa pale, ukiitwa usikasirike, hata kama ni mara ya kumi kwa jambo lilelile. Siku utakayomkaripia, siku inayofuata hatakuita, atafinya.

Kwa ninyi wafadhili, ombi letu ni dogo. Munapotoa mashine kwa familia, mutoe pia nusu siku ya mutu wa kuitayarisha, pamoja na fleshi mbili. Mashine iliyotolewa na konti moja iliyo wazi inageuka kuwa mzigo kwa mwenye nayo kabla ya msimu wa mvua kwisha.

Kwa ninyi memba, kabla ya mkutano ujao kila familia yenye mashine ifanye mambo matatu: konti mbili zitenganishwe, nakala ya karatasi za shamba ifike kwa mutu wa mbali, na bahasha ifungwe. Asiyejua kufanya asione haya. Siku za kazi tunakaa ofisini asubuhi, nasi tuko tayari kufika hata nyumbani, ila mwenye mashine lazima awepo. Bila yeye hatugusi kitu.

Sasa tusikilize maulizo yenu, na tuanze na wamama wanaovuka mto.