Endodi, Mmea Uuao Konokono wa Majini

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mmea ambao ni dawa ya maji kabla ya kuwa dawa ya mtu. Watu wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi, huuita endodi. Ni mmea utambaao, hupanda juu ya miti na nyua, na matunda yake ni madogo, yameshikamana katika vichala. Tangu zamani wanawake wa huko huyakausha, wakayaponda na kuyatia majini, yakatoa povu la kufulia nguo.

Mwaka 1964 mtaalamu wa nchi hiyo, Dakta Aklilu Lemma, alikuwa akichunguza konokono wa mtoni katika mji wa Adwa. Akaona jambo la ajabu: chini kidogo ya mahali walipofulia wanawake, konokono wengi walikuwa wamekufa. Akakusanya konokono walio hai, akamwomba mfuaji mmoja awatilie povu lake. Nao wakafa.

Huenda mtu akauliza, kifo cha konokono chatufaa nini? Chatufaa sana, kwa kuwa konokono fulani wa maji baridi ndio nyumba ya wadudu wa kichocho. Mgonjwa akikojoa au akienda haja kubwa majini, mayai ya wadudu hutoka naye, yakaanguliwa humo. Vitoto vyake huingia katika konokono, vikaongezeka kwa majuma kadhaa. Kisha hutoka wadudu wengi wasioonekana kwa macho, wakatafuta ngozi ya mtu aogaye, avuaye samaki au atekaye maji, wakapenya.

Kichocho cha mkojo chajulikana sana Unguja, Pemba na pwani. Kichocho cha matumbo chajulikana kandokando ya Ziwa Victoria. Mtoto akikojoa damu, wako wadhanio kwamba ni dalili ya kukua. Sivyo hata kidogo! Ni ugonjwa, nao ukiachwa huharibu kibofu, au matumbo na ini.

Basi, pasipo konokono mnyororo huu hukatika. Tena dawa ya endodi haikai sana majini, bali huharibika yenyewe upesi. Mwaka 1989 Dakta Aklilu na mwenzake, Dakta Legesse Wolde-Yohannes, walipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Right Livelihood kwa kazi hiyo.

Lakini yatupasa kutahadhari. Kiuacho konokono huua na samaki. Kwa hiyo mtu asiitie endodi mtoni wala bwawani kwa shauri lake mwenyewe, bila ya wataalamu. Wala asiinywe, maana ni sumu. Tena konokono hurudi, na mtu aliyekwisha kuambukizwa haponi kwa kufa kwao. Huyo na aende hospitali apimwe, apewe vidonge vya prazikwanteli.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mmea peke yake hautoshi, wala vidonge peke yake havitoshi, maana aliyepona leo aweza kuambukizwa tena kesho katika mto ule ule. Tuchimbe vyoo na kuvitumia, tuwaonye watoto wasikojoe majini, na mwenye dalili asione haya kuzisema. Tukifanya hayo yote pamoja, maji yetu yatakuwa ya uzima.