MAELEZO YA MAZUNGUMZO JUU YA KUBADILISHA PLAGI ZA MAGARI MAKUUKUU

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo waliyopewa madereva wa idara, wenye pikapu na wakazi wengine wa Mdandu, Wilaya ya Wanging'ombe, Mkoa wa Njombe. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi na wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu Watumishi,
Wazee wetu, mama zetu na ndugu wananchi wote,



Awali ya yote napenda kutoa shukrani zangu kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya kitu kidogo ambacho hutoshea kiganjani, nacho ni plagi ya gari. Pengine wapo watakaouliza kwa nini tukusanyike kwa ajili ya kitu kidogo namna hiyo. Nitawajibu kwa kisa kimoja.

Siku moja ya masika nilikuwa abiria katika pikapu kuukuu iliyokuwa ikimpeleka mama mjamzito hospitali ya Ilembula. Tangu asubuhi gari hilo lilikuwa likimisi, yaani injini ikikatakata na kutetemeka, naye dereva akisema kwamba hiyo ni kawaida yake. Tulipofika kwenye mwinuko gari likazimika, wala halikuwaka tena. Tulikaa pale muda mrefu mpaka lori lililobeba mahindi likatuchukua. Mama yule alifika salama, tunamshukuru Mungu. Fundi alipofungua injini siku ya pili alikuta plagi mbili kati ya nne zimekwisha kabisa. Tangu siku ile sijaiita plagi kitu kidogo.

Ndugu wananchi, plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Umeme unaofika kwenye plagi huzidi volti 10,000, nao hurukia mwanya mdogo usiofika, kwa kawaida, milimita moja na robo. Katika injini ya kawaida yenye distributa, kila plagi hutoa cheche mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,500 kwa dakika hiyo. Dereva akitumia saa moja kutoka Njombe hadi Makambako kwa mzunguko huo, kila plagi itakuwa imetoa cheche 90,000. Kila cheche hula chembe ndogo mno ya chuma. Ndiyo maana mwanya hupanuka siku hadi siku, umeme ukahitaji nguvu zaidi kuuvuka, na mwisho wake cheche ikakosekana.

Kabla ya kuendelea, naomba kuondoa kosa moja ambalo husikika mara nyingi. Magari ya dizeli, pamoja na malori mengi yanayobeba mbao na viazi kutoka huku kwetu, hayana plagi za cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Plagi zilizomo katika baadhi ya injini hizo ni za kupasha moto wakati wa kuwasha asubuhi ya baridi, nazo ni kitu kingine kabisa. Maelezo yangu yanahusu magari ya petroli, na kwa sehemu kubwa yanafaa pia kwa pikipiki na jenereta ndogo.

Je, plagi zibadilishwe lini? Plagi za kawaida, ambazo ncha yake ni ya nikeli, hufaa kubadilishwa baada ya kilomita 20,000 hadi 30,000. Zile zenye ncha ya platinamu au iridiamu huweza kufika karibu kilomita 100,000. Lakini wengi wetu tumenunua magari yaliyokwisha tumika nje ya nchi au mikononi mwa watu wengine. Historia yake hatuijui, na kisoma mwendo hakiaminiki. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba anayenunua gari la namna hii asihesabu kilomita za nyuma. Abadilishe plagi zote kwa pamoja, aandike tarehe na kilomita katika daftari, kisha aanze hesabu yake mwenyewe.

Aidha, plagi iliyotolewa isitupwe kabla ya kusomwa, kwa maana inaeleza afya ya injini. Ikiwa rangi yake ni ya kahawia hafifu au kijivu, injini ni nzima. Ikiwa na masizi makavu meusi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa imelowa oili, ringi za pistoni au valvu zimechakaa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, au ncha imeyeyuka, injini inapata joto kupita kiasi au plagi si ya aina yake.

Hapa kwetu masizi meusi yana sababu tatu kubwa. Ya kwanza ni vumbi. Barabara zetu za udongo huziba chujio la hewa upesi wakati wa kiangazi. Ya pili ni mwinuko wa nchi. Katika kimo cha mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya tano kuliko pwani. Gari la kabureta lililorekebishwa Dar es Salaam likipanda huku, kabureta huendelea kutoa petroli kama ya pwani ilhali hewa imepungua. Ya tatu ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kukomesha uchakachuaji, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa shabaha hiyo hiyo. Pamoja na juhudi hizo, anayenunua petroli ya chupa kando ya barabara hana hakika ya anachotia katika tangi lake.

Hivyo basi, kubadilisha plagi bila ya kusafisha chujio na kurekebisha kabureta ni kazi nusu. Vilevile plagi mpya haziponyi injini iliyokwisha ringi. Zitalowa oili tena baada ya siku chache. Asiwepo fundi wa kumwahidi mwenye gari kinyume cha hayo.

Sasa nieleze kazi yenyewe kwa utaratibu.

Kwanza, injini iachwe ipoe kabisa. Kichwa cha injini nyingi ni cha aluminiamu, na meno yake huharibika kwa urahisi plagi ikifunguliwa ingali ya moto. Funguo ya gari itolewe.

Pili, vumbi lililozunguka plagi lipulizwe au lifutwe kabla ya kufungua. Mchanga ukiingia ndani ya silinda utakwangua kuta zake.

Tatu, plagi zifunguliwe moja baada ya moja, na kila waya urudishwe mahali pake kabla ya kugusa mwingine. Waya ushikwe kwenye kofia yake, usivutwe katikati. Nyaya zikichanganywa, mpangilio wa cheche huvurugika na gari halitawaka vizuri.

Nne, plagi ikikataa kufunguka isilazimishwe. Tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri hata usiku kucha, kisha uzungushe kidogo kidogo mbele na nyuma. Katika gari la mwendo mrefu, subira ya usiku mmoja ni nafuu kuliko kununua kichwa kipya cha injini.

Tano, hakikisha namba ya plagi ni ile iliyoagizwa na kitabu cha gari. Jihadharini hapa: katika plagi za NGK na Denso, namba kubwa humaanisha plagi inayopoa haraka zaidi. Katika plagi za Bosch ni kinyume chake. Basi anayelinganisha namba za watengenezaji tofauti kwa kukisia anaweza kuunguza pistoni.

Sita, mwanya upimwe kwa geji. Magari mengi ya zamani yenye platini huhitaji kati ya milimita 0.7 na 0.8. Kipimo cha kitabu ndicho hukumu. Plagi za iridiamu zisigongwe wala kupindwa, kwani ncha yake ni nyembamba na huvunjika.

Saba, plagi mpya ianze kufungwa kwa vidole mpaka ikae. Ikikataa, itoe uanze upya. Ikishakaa, plagi yenye washa mpya hukazwa kwa spana nusu mzunguko hivi. Ile isiyo na washa, yenye shingo ya mteremko, hukazwa kidogo tu, sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko. Nguvu nyingi si ufundi.

Ndugu watumishi, kwenu nina neno la ziada. Magari ya Serikali hutengenezwa kwa utaratibu, kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005. Dereva wa idara hatakiwi kufungua injini njiani kwa hiari yake. Wajibu wake ni kuandika katika daftari la gari siku ile ile anapoona injini inamisi, inachelewa kuwaka au inakula mafuta kuliko kawaida. Na wajibu wa mkuu wake ni kulisoma daftari hilo. Ombi la plagi nne ni dogo. Likikaa mezani miezi mitatu, litarudi likiwa ombi la injini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwenu ninyi wenye pikapu za biashara, najua kila shilingi ina kazi yake wakati wa kupanda na wakati wa ada za shule. Lakini petroli isiyoungua hutoka kwenye bomba la moshi bila ya kulivuta gari hata hatua moja, nayo mmeilipia. Isitoshe, hamjui ni siku gani jirani atabisha hodi usiku akiomba gari kwa ajili ya mgonjwa. Gari lenu huwa gari la kijiji siku hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, plagi hazichakai kwa kishindo. Hupungua kidogo kidogo, na dereva huzoea. Ombi langu kwenu ni kwamba tusizoee.