Njia ya Namugongo huanzia kwenye kiatu

Kila mwaka kabla ya Juni 3, Siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji huelekea Namugongo kwa miguu, wengine wakitokea Kenya na Tanzania. Imani huwatia nguvu, lakini malengelenge hayamchagui mcha Mungu. Kosa la kwanza ni kiatu kipya: kivae wiki kadhaa kabla ya safari. Soksi ikilowa jasho, badili. Mguu mkavu hauchubuki upesi. Ukiharisha, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visijae kupita ukingo, vikichanganywa vitakufaa. Usiku, vaa fulana ya kuakisi mwanga, utembee ukitazamana na magari. Waandaaji nao wasiwangoje wagonjwa Namugongo. Huduma ya kwanza iwafuate barabarani.