Umeme Ndani ya Bwawa la Samadi

Septemba 2018 kimbunga Florence kilipoipiga North Carolina, Marekani, mabwawa kadhaa ya kinyesi cha nguruwe yalifurika na uchafu ukaingia mitoni. Naitrojeni na fosforasi zilizomo ni mbolea zikiwa shambani. Zikifika mtoni hustawisha mwani, mwani ukioza humaliza oksijeni, na samaki hufa.

Ili kuzinasa kabla hazijafika huko, watafiti wanajaribu umeme. Elektrodi mbili, yaani vipande vya kupitishia umeme, hutumbukizwa kwenye maji ya bwawa, moja ikiwa ya magnesi. Mkondo ukipita, magnesi humomonyoka taratibu na kushikana na amonia, yenye naitrojeni, na fosfati, yenye fosforasi, huku elektrodi ya pili ikitoa viputo vya hidrojeni na kupunguza asidi ya maji. Chini hutuama chembechembe ziitwazo struvaiti: mbolea inayoyeyuka polepole udongoni.

Inapendeza, ila hesabu inagoma. Struvaiti hubeba atomu moja ya naitrojeni kwa kila moja ya fosforasi, ilhali maji ya nguruwe yana amonia tele. Fosforasi hunaswa vizuri. Amonia nyingi hubaki. Waweza kuimaliza kwa klorini inayozalishwa na umeme huohuo, lakini basi naitrojeni hupeperuka hewani bila faida, na klorati, ambayo ni sumu, yaweza kubaki majini. Tena magnesi haiuzwi bei ya chumvi, na elektrodi hushikwa na ukoko wa kukwanguliwa kila mara. Mwenye nguruwe 10,000 huenda akamudu. Wa nguruwe 20, kwa maoni yangu, aendelee kupeleka samadi shambani, kwa kipimo.