Tuliosoma Pamoja Tusipotezane

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu wa kisomo, Moshi Vijijini)



Sisi maofisa wa elimu ya watu wazima tumezoea kuja kwenu na mazungumzo ya migomba, ng'ombe wa maziwa na maji ya kuchemsha. Leo tumekuja na jambo jingine. Tutazungumza juu ya watu waliosoma pamoja, wakatawanyika, kisha wakatafutana uzeeni. Msiseme, "Hayo ni ya watu wa sekondari, hayatuhusu." Subirini mpaka mwisho.

Kila mtu wa mlimani anaujua mwezi wa Desemba. Mabasi yanajaa. Magari yanafuatana kama siafu kutoka Dar es Salaam. Mwezi huo huo wa mwaka 2019 hata treni ya abiria ilirudi Moshi, baada ya kukaa zaidi ya miaka 20 bila kuja. Watu wanarudi Rombo, Marangu, Old Moshi, Kibosho, Machame. Mbuzi anachinjwa, mtori unapikwa, kata ya mbege inazunguka.

Kwa nini watu wa mlimani wametawanyika hivyo? Sababu tunaijua. Kihamba hakizai kihamba. Baba mwenye watoto watano hawezi kugawa ekari moja mara tano, kila mmoja akapata mahali pa migomba na kahawa. Basi mmoja hubaki nyumbani, wengine hushuka kutafuta maisha.

Na shule nazo ziliwachanganya watu. Katika miaka ya 1970 nafasi za sekondari zilikuwa chache sana. Aliyechaguliwa hakupangiwa shule ya karibu na kwao tu. Kijana wa Kilimanjaro aliweza kupelekwa Tabora au Songea, na kijana wa Mtwara akaletwa huku. Serikali ilitaka vijana wa makabila yote walale bweni moja, wale sahani moja na kulima shamba moja la shule. Kwa hiyo waliosoma Old Moshi, Umbwe, Lyamungo, Machame au Weruweru wana wenzao katika kila pembe ya nchi. Walipomaliza, kila mmoja alishika njia yake.

Sasa basi, Desemba inapofika, hao nao hutafutana. Desemba ya mwaka 2024 tulialikwa kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo. Walikuwa ni wazee waliomaliza kidato cha nne mwaka 1974 katika shule moja ya mlimani. Walikuwa wanatimiza miaka 50. Walituita kwa sababu walitaka kutoa madaftari na kalamu kwa darasa la kisomo. Sisi tulikwenda kuchukua madaftari. Lakini tulirudi na somo.

Wazee wale walicheka sana. Wenye mvi walitaniana kwa majina ya utani ya bwenini. Mmoja alikumbushwa jinsi alivyoficha ndizi chini ya godoro mpaka zikaoza. Kisha mmoja wao alisimama na daftari. Alikuwa ameandika majina yote ya darasa lao, majina 35. Akasema, "Tuite mahudhurio kama zamani."

Akaanza kuita. Anayeitwa akiwapo, anasimama na kusema, "Nipo!" Akiwa amefariki, wenzake wanasema, "Marehemu," na ukumbi unanyamaza kidogo. Loo! Wengine walifuta machozi. Tulihesabu. Waliokuwapo walikuwa 14. Marehemu walikuwa 12. Watano walikuwa mbali, wakaleta salamu kwa simu. Watatu hakuna aliyejua waliko. Hesabu hiyo ni 34. Amebaki nani?

Jina la mwisho lilipoitwa, hakuna aliyejibu "Nipo", wala hakuna aliyesema "Marehemu". Watu walitazamana. Mwenye jina hilo alikuwa hai, tena yuko karibu kuliko wote. Anakaa kijiji cha juu, karibu na msitu. Kwa gari ni nusu saa tu. Na ndiye aliyekuwa monita wa darasa.

Mmoja akasema, "Tulimwalika. Alijibu hana nafasi. Anaringa."

Mwingine akauliza, "Tulimwalika namna gani?"

Ikaonekana kwamba walimpelekea ujumbe kwa simu ya jirani. Ujumbe ulisema siku, mahali, na mwisho ukasema: mchango shilingi 100,000. Habari nyingine zote zilikuwa katika kundi la simu, na mzee yule hana simu ya namna hiyo.

Ndugu zangu, tufikirie fedha hiyo. Kwa mtu mwenye mshahara au pensheni nzuri, shilingi 100,000 ni mchango. Kwa mkulima mzee ni mbuzi mzima. Mkimwambia auze mbuzi wake ili aje acheke na ninyi, mmemwalika au mmemfukuza?

Wazee wale hawakubishana sana. Walisema, "Chakula kifungwe, tupande." Wakapanda magari matatu, na sisi tukafuatana nao. Njiani mmoja wao alisimamisha gari, akachuma jani la sale kwenye mpaka wa kihamba. Ninyi mnajua maana yake. Kwa Wachaga, mtu akikujia na jani la sale, amekuja kuomba msamaha, na si rahisi kumkataa.

Tulimkuta anamkatia ng'ombe majani. Alivaa viatu vya mpira. Alipoona magari, alitaka kuingia ndani. Wakamwita kwa jina la zamani, "Monita!" Akasimama. Aliyekuwa na jani la sale akamkabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Tumekosa. Tulikuita kwa bei." Mzee alilitazama lile jani muda mrefu. Kisha akasema, "Karibuni. Lakini viti havitoshi."

Walikaa kwenye mawe na kwenye gogo la mti. Ndipo akaeleza. Mwaka aliomaliza shule baba yake alifariki. Yeye ndiye mkubwa. Wenzake walikwenda jeshini, vyuoni na kazini. Yeye alirudi kushika kihamba, ili wadogo zake wasome. Aliwasomesha kwa kahawa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na KNCU ikiwamo. Akavumilia. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia yaliyoshikilia bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Akavumilia tena. Miti ikazeeka, naye akazeeka nayo. Lakini wadogo zake walisoma.

Akasema, "Sikuogopa mchango peke yake. Niliogopa swali. Mtakaa mezani, kila mtu ataulizwa: Na wewe, umefika wapi? Mimi ningejibu nini? Kwamba nimefika hapa hapa nilipoanzia?"

Hakuna aliyejibu upesi. Kisha mmoja, ambaye alipata kuwa na kazi kubwa sana mjini, akasema, "Mimi kila Desemba nina mahali pa kurudi kwa sababu ndugu yangu alibaki. Asingebaki, ningerudi kwa nani?"

Hapo wakamsomea yale majina 35. Na hapa sikilizeni vizuri. Walipofika kwa wale watatu wasiojulikana, mzee aliinua mkono. Akasema, "Huyu wa kwanza tulimzika mwaka juzi, kaburi lake lipo bonde la pili kutoka hapa. Mimi nilibeba jeneza. Huyu wa pili yuko tambarare, upande wa Kahe, macho yamemsumbua, haoni vizuri. Huyu wa tatu simjui aliko." Waliotembea dunia nzima hawakujua. Aliyebaki nyumbani ndiye aliyejua. Daftari likasahihishwa pale pale: marehemu 13, asiyejulikana mmoja. Kesho yake baadhi yao walikwenda Kahe.

Sasa mtauliza, "Je, hayo yanatuhusu nini sisi wanakisomo?" Yanawahusu sana.

Hebu tukumbuke. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa nchi hii, karibu 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha zikachaguliwa wilaya sita zitangulie kufuta ujinga kabla mwaka 1971 haujaisha. Kilimanjaro ilikuwa mojawapo, pamoja na Pare, Ukerewe, Mafia, Masasi na Dar es Salaam. Mwaka 1975 ulifanywa mtihani wa taifa wa kisomo. Wasiojua kusoma wakapungua hadi 39 katika kila 100. Mwaka 1986 walikuwa karibu 10 tu.

Nani alifundisha madarasa hayo yote? Walimu wa shule hawakutosha. Walisaidiwa na watu wa kujitolea, na wanafunzi nao wakawamo. Mzee yule wa mlimani alituambia kwamba alipokuwa kidato cha pili alifundisha kisomo jioni. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa mama yake mzazi. Alicheka, akasema, "Alikuwa anachelewa darasani, nami naogopa kumwandika mtoro."

Kwa hiyo nanyi mna wenzenu wa darasa. Mliketi nao benchi moja, mkashika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Mlicheka pamoja herufi ilipopinda. Rafiki wa namna hiyo alikuona usipojua, hakukudharau. Je, leo wako wapi? Mwaka jana mlikuwa wangapi, na leo mko wangapi?

Sisi tunashauri mambo matano.

Kwanza, andikeni majina ya darasa lenu lote katika daftari moja. Msitegemee kichwa. Kichwa huzeeka.

Pili, mkikutana, iteni majina. Asiyekuwapo aulizwe habari zake. Marehemu atajwe, na watoto wake wajulikane.

Tatu, msiweke bei mlangoni. Mwenye fedha atoe fedha. Mwenye ndizi alete ndizi. Asiye na kitu alete mwili wake, kwa maana yeye mwenyewe ndiye tuliyemtaka.

Nne, acheni swali la "umefika wapi?" Ulizeni, "Unaendeleaje? Nani yuko nyumbani? Nini kinakusumbua?" Maisha ya mtu yana mengi asiyoyachagua: kifo cha baba, bei ya kahawa, ugonjwa. Na asiyekwenda mbali hakukaa bure.

Tano, asiyekuja afuatwe. Msiseme anaringa kabla hamjafika kwake.

Na mwaliko wenu msiutegemeze kwenye simu peke yake. Ninyi mmejifunza kuandika. Tumieni kalamu. Barua haihitaji chaji. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Mpendwa mwenzangu wa darasa,
Salamu nyingi. Sisi ni wazima. Nakukumbuka tulivyosoma pamoja. Jumapili saa nane mchana wenzako tutakutana shuleni. Hakuna mchango. Njoo ulivyo. Kama huwezi kutembea, mwambie mleta barua, nasi tutakuja kwako.
Ni mimi, mwenzako wa benchi la mbele."

Mnaona? Ni mistari michache tu. Lakini mzee akiipokea, ataisoma mara tatu, kisha ataiweka chini ya mto.

Tunamaliza kwa kusema hivi. Wazee wale walipokuwa wanaagana jioni, ukungu ulikuwa umeteremka na Kibo haionekani. Mwenye daftari alimkabidhi monita lile daftari la majina, akasema, "Likae kwako. Wewe ndiye unayejua tuliko." Mzee akalipokea. Hakutoa hotuba. Akauliza tu, "Mwakani mtakuja lini, nipande viazi mapema?"

Ndugu wanakisomo, kazi ni kwenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Darasa lenu la kisomo lilikuwa na watu wangapi? Wangapi mnajua waliko leo?
2. Kwa nini mzee yule hakuja mkutanoni? Taja sababu mbili.
3. Katika kijiji chenu, ni mikutano gani ambayo maskini hawaji kwa sababu ya mchango? Mtafanya nini?
4. Andika barua ya mistari mitano kwa mwenzako mmoja ambaye hujamwona siku nyingi. Usiiweke sandukuni. Ipeleke.