Mikataba ya Mataifa Mbele ya Mahakama Zetu



Tumeombwa tuzungumze juu ya swali ambalo wengi hudhani ni la mawakili peke yao: je, mkataba uliotiwa sahihi ng'ambo wamfaa nini mwananchi aliyesimama mbele ya jaji wa Kenya? Twajibu kwamba wamfaa sana, mradi ajue kuudai.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972. Lakini kanuni tuliyorithi kutoka Uingereza ilisema kuwa mkataba si sheria mpaka Bunge liutungie sheria. Hivyo Serikali iliahidi haki mbele ya mataifa, huku nyumbani raia wakiwekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Majirani walitutangulia. Mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji Mwalusanya alitazama Katiba ya Tanzania pamoja na mikataba ya kimataifa, akaamua kuwa mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la ukoo sawa na mwanamume. Mwaka 2005 Mahakama yetu ya Rufani iliamua kesi ya Rono. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana wa kiume ardhi kubwa zaidi, kwa hoja kwamba mabinti wataolewa. Majaji wa Rufani waliitegemea pia mikataba ya kupinga ubaguzi ambayo Bunge lilikuwa halijaitungia sheria, na mabinti wakapata haki yao.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 2(6) chatamka kwamba mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, Nairobi, waliobomolewa nyumba zao mwaka 2011, walipigania haki yao hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2021 mahakama hiyo ilikubali kuwa miongozo ya Umoja wa Mataifa juu ya kufukuza watu makwao yaweza kumsaidia jaji kuifasiri Katiba yetu. Miaka kumi ni mingi kwa mtu asiye na paa.

Wako wasemao kuwa kusikiliza mahakama za nje ni ukoloni mpya. Tuwaulize: ni nani aliyetuletea sheria iliyomlazimisha jaji kumhukumu kifo kila muuaji, bila kutazama hali yake? Ni mkoloni. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, baada ya kupima pia hukumu za nchi nyingine, iliuondoa ulazima huo. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wengine wahofia kwamba Serikali yaweza kututungia sheria kwa sahihi ya waziri mmoja. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu sheria ya mwaka 2012 inataka mikataba ipitie Bungeni kabla ya kuridhiwa. Tuwabane wabunge wetu waisome kabla ya kuipitisha.

Basi mawakili na tuitaje mikataba hii katika kila kesi inayohusika, na tuitafsiri kwa lugha anayoielewa mkulima na mchuuzi. Jaji hawezi kuamua hoja ambayo hakuna aliyeileta mbele yake, na haki isiyojulikana na mwenyewe ni rahisi kuporwa.